Kutoka Mizabibu ya Dodoma hadi Ziwa Ngosi

Safari ya gari kutoka mashamba ya zabibu ya Dodoma hadi Ziwa Ngosi mkoani Mbeya ina urefu wa kilomita 600 hivi, na karibu njia yote ni lami. Uzuri wake, pamoja na ugumu wake, unatokana na miinuko. Mji wa Dodoma uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara inashuka hadi mita 700 hivi kwenye Bwawa la Mtera, inapanda hadi kama mita 1,600 mjini Iringa na kukaribia mita 1,900 Mafinga. Mwisho wake ni mlima Ngosi, wenye kilele cha mita 2,600 hivi, ambao msafiri huupanda kwa miguu. Kwa siku tatu anaiacha nchi ya mibuyu na vichaka vya miiba, anapita misitu ya misonobari, na anafika kwenye mianzi yenye ukungu. Kwa hiyo anayepanga safari hii hutazama majira na miinuko kwanza, ndipo ahesabu kilomita.

Kuchagua majira

Katika nchi zenye baridi kali, mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa kipupwe. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mkulima ndiye anayeamua mti uzae lini, kwa kuupogoa. Baada ya kupogolewa mzabibu huchipua, hutoa maua na kuzaa, na miezi minne hivi baadaye zabibu huwa tayari kuvunwa. Ndiyo sababu mkoa huu una mavuno mawili kwa mwaka: ya kwanza Februari na Machi, ya pili Agosti na Septemba.

Mavuno ya kwanza huangukia katikati ya mvua. Dodoma yenyewe hupata mvua kidogo, kati ya Desemba na Aprili, na haimzuii mtu kusafiri. Shida iko upande wa pili wa safari. Milima ya Uporoto hunyeshewa tangu Novemba hadi Mei, njia ya kupanda Ngosi hugeuka tope, na ukungu unaweza kulifunika ziwa kutwa nzima. Mavuno ya pili huja wakati wa kiangazi pande zote mbili. Shambani zabibu zinakatwa, na mlimani njia ni kavu. Agosti na Septemba ndiyo miezi inayofaa zaidi kwa safari hii. Juni na Julai njia huwa kavu vilevile, ila baridi ya nyanda za juu ni kali na zabibu bado hazijaiva.

Siku ya kwanza: Dodoma hadi Iringa

Mashamba mengi ya zabibu ni ya wakulima wadogo, kwa hiyo ziara hupangwa kwa simu siku kadhaa kabla, kupitia mkulima au chama cha ushirika. Bihawana na Mpunguzi zina faida ya kuwa kwenye barabara ya Iringa yenyewe. Historia nayo iko hapo: kilimo cha zabibu Dodoma kilianzia kwenye misheni za Kikatoliki, na Bihawana ni mojawapo ya misheni hizo.

Saa nzuri ya kufika ni saa moja asubuhi. Vichala hukatwa kungali na ubaridi na kupangwa kwenye kreti kabla jua halijawa kali. Mgeni anayefika adhuhuri hukuta mistari ya nguzo na waya isiyo na watu. Zabibu zisizopata mnunuzi wa haraka huharibika, na ndiyo maana wakulima wengi huzikamua na kupata mchuzi wa zabibu, unaohifadhiwa kwenye matangi hadi viwanda vya mvinyo vitakapouchukua. Anayeona kazi hiyo kwa macho yake huelewa mara moja kwa nini wakulima huzungumzia matangi na soko kama wanavyozungumzia mvua.

Dereva haonji mvinyo. Chupa hununuliwa shambani au kiwandani na kufunguliwa jioni Iringa, gari likiwa limeegeshwa. Njiani joto la Mtera ndilo adui wa mvinyo. Chupa zikiachwa kwenye buti lililopigwa na jua, ladha huharibika na kizibo kinaweza kusukumwa nje. Ziwekwe sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, zikiwa zimefungwa kwa kanga iliyoloweshwa maji. Zabibu mbichi hununuliwa mwisho kabisa na kubebwa kwenye kikapu kilicho wazi, kwa kuwa mfuko wa plastiki huzitokosa.

Kutoka Dodoma hadi Iringa ni kilomita 260 hivi. Mtera, kwenye Mto Ruaha Mkuu, ndiyo mpaka wa mikoa hiyo miwili, na bwawa lake huendesha mitambo ya umeme ya megawati 80. Samaki huuzwa kando ya barabara, na ni mahali pazuri pa kupumzika kabla ya kupanda. Mbele kuna Mlima Nyang'oro na kona zake. Hapo gari lenye mzigo hupandishwa kwa gia ndogo, na hakuna kupita gari jingine kwenye kona. Ni vyema kuingia Iringa kabla ya magharibi.

Siku ya pili: Iringa hadi Uyole

Sehemu hii, ya kilomita 300 na ushee, hufuata barabara kuu ya TANZAM, inayobeba malori ya Zambia na Kongo. Mwendo wa wastani huwa mdogo kuliko ramani inavyoahidi: vijijini kikomo ni kilomita 50 kwa saa, askari wenye tochi hawako mbali, na msururu wa malori kwenye mlima huweza kula nusu saa. Saa saba za njiani ni makadirio ya haki.

Kituo cha kwanza ni Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa. Korongo lake lina nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, na humo zilipatikana zana za mawe za binadamu wa kale. Hutembelewa asubuhi, kwa sababu kivuli ni kidogo. Kisha huja Mafinga na misonobari ya Sao Hill, halafu Makambako, panapotoka barabara ya Njombe na Songea na panapopita reli ya TAZARA. Makambako panafaa kwa mafuta na chakula cha mchana. Usiku hulalwa Uyole au Mbeya mjini.

Siku ya tatu: Ngosi

Kutoka Uyole hushikwa barabara ya Tukuyu hadi kijiji cha Isongole, kisha barabara ya vumbi ya kilomita kadhaa. Gari lililoinuka kutoka chini linafaa zaidi, na mvua ikiwa imenyesha ni afadhali gari libaki kijijini. Ada hulipwa na mwongoza wageni hupatikana kabla ya kupanda.

Njia hupita msituni kwa muda wa saa moja au zaidi, kati ya mianzi na migomba mwitu, ikipanda taratibu na mwisho kwa ukali. Mizizi iliyovuka njia hugeuka ngazi. Ikilowa huteleza, na fimbo husaidia sana. Ukingoni miti huachana ghafla, na ziwa linaonekana chini kabisa, la kijani, limezungukwa na kuta za kreta pande zote. Lina urefu wa kilomita 2.5 hivi, kina chake kinazidi mita 70, na hakuna mto unaotoka humo. Kushuka hadi majini ni kazi ngumu kwenye mteremko mkali, na hufanywa na wenye miguu imara walio na mwongozaji. Watoto na wazee hutosheka na ukingo. Mawingu huzidi alasiri, kwa hiyo kupanda huanza saa moja au saa mbili asubuhi.

Vya kufungasha na siku ya akiba

Gari liwe na tairi la akiba lenye upepo, jeki, spana, pembetatu mbili za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto. Breki hukaguliwa kabla ya kuondoka, kwa ajili ya miteremko ya kurudi. Msafiri hubeba maji ya kutosha kwa joto la Mtera, pamoja na sweta, koti la mvua na viatu vyenye meno kwa Ngosi.

Siku ya nne ihesabiwe tangu mwanzo. Ukungu ukilifunika ziwa, siku hiyo hutumika kupanda tena. Kukiwa kweupe tangu siku ya tatu, gari huendelea hadi Tukuyu, kwenye migomba na chai, na Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira.