Kwa nini Doha ilitikisika mara mbili kwa wiki moja

Mwezi Aprili mwaka 2013 wafanyakazi na wakazi wa majengo marefu ya Doha, mji mkuu wa Qatar, walijikuta wakiteremka ngazi kwa hofu mara mbili katika muda wa siku saba.

Jumanne tarehe 9, saa 8:52 mchana kwa saa za huko, tetemeko la ardhi lenye nguvu ya takriban 6.3 lilipiga karibu na miji midogo ya Kaki na Shonbeh, katika mkoa wa Bushehr, kusini mwa Iran. Watu 37 walifariki dunia nchini Iran. Ng'ambo ya Ghuba, umbali wa kilomita zipatazo 340, minara ya mtaa wa West Bay iliyumba na watu wakatoka nje.

Jumanne iliyofuata, saa 7:44 mchana, lilikuja jingine. Hili lilikuwa na nguvu ya 7.7, na kitovu chake kilikuwa karibu na mji wa Khash, kusini mashariki mwa Iran, si mbali na mpaka wa Pakistan. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao upande wa Pakistan. Minara ya Doha ikahamwa tena.

Hakuna aliyefariki Qatar katika matukio hayo mawili. Lakini yote yalitokea mchana wa siku ya kazi, saa ambazo watoto wengi wako darasani au njiani kurudi nyumbani na wazazi wako makazini. Kwa hiyo swali lilikuwa moja kwa mwalimu mbele ya wanafunzi na kwa mama jikoni: je, lile la pili lilikuwa mkia wa lile la kwanza? Na kama ndivyo, la tatu linakuja lini?

Si mkia wa la kwanza

Jibu ni kwamba matetemeko hayo mawili hayakuwa na uhusiano huo. Yalitokea mahali palipotengana kwa takriban kilomita 1,000, na kwa namna tofauti. Lile la Bushehr lilitokea karibu na uso wa dunia, katika ukanda wa milima ya Zagros, ambako bamba la Arabia linasukumana na bamba la Asia na Ulaya. Lile la Khash lilitokea kina cha kilomita 80 hivi, ndani ya sehemu ya bamba la Arabia inayozama chini ya Iran. Kina hicho ndicho kilichopunguza maafa, maana nishati yake ilikuwa takriban mara 100 ya ile ya tetemeko la kwanza.

Mitetemeko inayofuata tetemeko kubwa hutokea palepale ardhi ilipovunjika, au jirani sana. Miamba iliyosogea ghafla huwa bado haijatulia, nayo hujipanga upya kidogo kidogo. Kwa kawaida mitetemeko hiyo huwa mingi siku ya kwanza, kisha hupungua haraka, ingawa inaweza kuendelea kwa majuma au miezi. Wataalamu wanasema mkubwa kuliko yote aghalabu huwa chini ya tetemeko lenyewe kwa kipimo kimoja hivi.

Wenye haki ya kulala nje usiku walikuwa watu wa Kaki na Shonbeh, ambako nyumba zilikuwa zimekwisha kupasuka. Huko mtetemeko mdogo waweza kuua. Uturuki ilishuhudia jambo hilo mwaka 2023: matetemeko makubwa yalipiga tarehe 6 Februari, na wiki mbili baadaye tetemeko jingine katika jimbo la Hatay likaangusha majengo yaliyokuwa yamedhoofika na kuua watu zaidi.

Afrika Mashariki inaifahamu hali hiyo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye nguvu ya 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, na kuua watu 17. Nguvu yake ilikuwa ndogo kuliko ya yale ya Iran, lakini Bukoba ilikuwa karibu na kitovu. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa muda kwa sababu majengo yake hayakufaa tena. Mwalimu wa Bukoba aliyekataa kuingia chini ya dari lenye ufa hakuwa mwoga.

Mrefu huyumba, mfupi hutulia

Mbona basi Doha, iliyo mbali kiasi hicho, ikayumba? Mawimbi ya tetemeko si ya aina moja. Yale ya haraka hufifia njiani, lakini yale ya polepole husafiri mamia ya kilomita. Jengo la ghorofa 30 lina mwendo wake wa kuyumba, kwenda na kurudi kwa sekunde tatu hivi, kama mnazi katika upepo. Wimbi la polepole likiwadia na mwendo unaolingana na huo, jengo hulipokea na kulikuza. Tena sehemu kubwa ya West Bay ni ardhi iliyojazwa baharini, na udongo laini hukuza mtikisiko.

Ndiyo maana mlinzi katika nyumba ya chini mtaani Najma aweza kuapa kwamba hakuna kilichotokea, ilhali mkewe anayefanya usafi ghorofa ya 25 amekwisha kushika ukuta. Wote wawili wanasema kweli.

Ubishi kama huo huingia hata darasani, na mwalimu wa Doha, ambaye huenda ametoka Kenya au Misri na kufundisha watoto wa Kihindi na Kifilipino, hana budi kuueleza. Mtoto aliyepitia madrasa anaijua Surat Zilzala kwa moyo, na neno zilizala halimpigi chenga. Anachokihitaji ni kujua afanye nini.

Hapo pana mgongano. Kengele ya moto imewazoesha wanafunzi kutoka mara moja. Tetemeko linadai kinyume chake: kuingia chini ya dawati, kukinga kichwa, kukaa mbali na vioo, na kutoka kwa ngazi, kamwe si kwa lifti, baada ya mtikisiko kukoma. Shule inayofanya zoezi la moto peke yake inawafundisha watoto kukimbilia ngazi wakati ngazi zenyewe zinatikisika.

Familia nazo zina kazi yao. Simu hulemewa watu wote wanapopiga kwa pamoja, wakiwamo ndugu wa Mombasa na Kampala waliosikia tu kwamba Ghuba imetikisika. Wazazi waliokubaliana mapema nani atamchukua mtoto, na mahali gani pa wazi watakutana, hawahitaji kupiga. Ujumbe mfupi wa maandishi mara nyingi hupita pale sauti inaposhindwa, na maneno mawili, "tuko salama", yanatosha kuwafikia wa nyumbani kabla ya taarifa ya habari.