Paka Wasio na Mwenyewe na Afya ya Wanaowalea

Katika miji ya mwambao, kama vile Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, paka asiye na mwenyewe ni mkazi kama wakazi wengine. Hulala barazani, hungoja vichwa vya samaki sokoni, na usiku huwinda panya. Mara nyingi yupo mtu anayemtupia chakula kila jioni: mchuuzi wa samaki, mlinzi wa lango la hospitali, au bibi anayeishi peke yake. Kazi hiyo ya kujitolea haina mshahara wala sare, nayo ina hatari ambazo mhudumu wa zahanati huletewa bila kuelezwa chanzo chake.

Kulisha peke yake hakutoshi. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano, na mimba yake huchukua takribani siku 63 hadi 65. Penye chakula kingi, watoto huongezeka haraka. Kuwaua au kuwahamishia mbali nako husaidia kwa muda mfupi, kwa kuwa paka wengine huja kujaza nafasi iliyoachwa maadamu chakula kipo. Njia inayotumiwa na vikundi vya kujitolea katika nchi nyingi ni kuwanasa kwa kizimba, kuwahasi, kuwachanja na kuwarudisha walipotoka. Ncha ya sikio moja hukatwa paka akiwa bado chini ya nusukaputi, ili atambulike kwa mbali na asinaswe tena bure.

Chanjo inayozungumziwa hapa ni ya kichaa cha mbwa. Jina la ugonjwa huu limewapotosha wengi: ni kweli kwamba karibu vifo vyote vya binadamu hutokana na mbwa, lakini paka naye huugua na huambukiza. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, ugonjwa huu karibu daima huua. Kwa hiyo aliyeumwa au kuparuzwa na paka aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asipake mkojo, pilipili wala mafuta. Dozi ya kwanza ya chanjo hutolewa siku hiyo, na nyingine siku ya 3 na ya 7. Ikidungwa msulini, dozi ya nne hufuata kati ya siku ya 14 na ya 28. Jeraha lililotoboa ngozi huhitaji pia kingamwili kwa mtu ambaye hajawahi kuchanjwa. Wanaoshika paka-shume mara kwa mara wanastahili kuchanjwa kabla ya kuumwa, jambo ambalo vikundi vingi hulikumbuka wakiwa wamechelewa.

Jeraha lenyewe lisidharauliwe. Jino la paka ni jembamba kama sindano. Huacha kitundu kidogo juu ya ngozi, huku likiwa limefika kwenye kano au kiungo na kupanda humo bakteria aina ya Pasteurella. Mkono unaovimba na kuuma ndani ya saa 24 unahitaji antibiotiki mapema, hasa kwa mgonjwa wa kisukari. Hali ya chanjo ya pepopunda nayo iulizwe. Mitoki inayovimba majuma kadhaa baada ya kuparuzwa huweza kutokana na bakteria wanaoenezwa na viroboto miongoni mwa paka.

Wajawazito huambiwa wamfukuze paka. Ushauri huo umepita kiasi. Vimelea vya toksoplazma hutoka katika kinyesi cha paka kwa majuma machache tu, kwa kawaida baada ya maambukizi yake ya kwanza, na huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Kinyesi kikiondolewa kila siku, na mtu mwingine, hatari hupungua mno. Nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa na udongo vinastahili kuogopwa zaidi. Tahadhari hiyohiyo inawahusu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka.

Wanaobaki ni paka wazee, na hapa huruma huua. Mlezi akiona paka anachechemea au hali chakula, humpa kidonge cha parasetamoli kutoka kabati la nyumbani. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo, na kidonge kimoja tu chaweza kumwua. Wafamasia wangefanya vyema kumuuliza mnunuzi kama dawa ni ya mtu. Paka mzee asiyekula mara nyingi anaumwa meno, na chakula laini humsaidia hadi daktari wa mifugo atakapomwona. Anayekunywa maji mengi kuliko desturi na kukonda huenda figo zake zimechoka. Huyo asinyimwe maji, hata kama anakojoa ovyo barazani.