Bei za Mahindi za Miaka Arobaini Ndani ya Kompyuta

Mkulima wa Ismani, mkoani Iringa, avunapo mahindi yake hukabiliwa na swali lile lile kila mwaka: ayauze sasa, au ayaweke ghalani hadi Januari? Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja tu wa mvua, ambao huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Kwa hiyo bei hushuka wakati wa mavuno, kisha hupanda kadiri maghala yanavyopungukiwa. Lakini kupanda huko hakulingani mwaka hadi mwaka, na mwenye kungoja huweza kupoteza faida yake yote kwa dumuzi, mdudu ambaye wakulima walimpachika jina la Skania. Bei za mwaka mmoja hazitoshi kulijibu swali hilo.

Programu za kompyuta zilizotungwa kwa ajili ya kuchora bei za hisa huweza kuifanya kazi hii. Programu haijui hisa wala mahindi. Hujua tarehe na bei yake tu. Wala wingi wa tarakimu si tatizo. Bei moja kwa kila juma, kwa majuma 52 ya kila mwaka na kwa miaka 40, ni bei 2,080, mzigo usioitikisa hata kompyuta ya bei nafuu. Tatizo ni kama bei hizo zote zinapima kitu kimoja.

Katika soko la hisa, kampuni ikigawa kila hisa moja kuwa kumi, bei hushuka hadi sehemu ya kumi bila mwenye hisa kupoteza senti. Wachoraji makini huzigawa bei zote za zamani kwa kumi ili mstari usikatike. Mahindi nayo yana mgawanyo wa namna hiyo: kitabu kimoja kimeandika bei kwa gunia la kilo 100, kinachofuata kwa kilo, na cha tatu kwa debe. Asiyebadili vipimo ataona poromoko ambalo halikutokea sokoni. Bei ya gunia la lumbesa ni heri iachwe nje kabisa, kwa kuwa hakuna ajuaye limebeba kilo ngapi.

Mipaka pia huhama. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974 kwa kumega Mbeya na Tabora. Njombe ilitengwa na Iringa mwaka 2012. Na Songwe, pamoja na mashamba ya Mbozi, ilitoka Mbeya mwaka 2016. Wastani wa mkoa wa Mbeya wa mwaka 2010 na ule wa 2020 si wa nchi ile ile. Ni salama zaidi kufuata soko moja la mjini.

Gumu kuliko yote ni maana ya bei yenyewe. Tangu katikati ya miaka ya 1970, serikali ilipanga bei moja ya kununulia mahindi kwa nchi nzima, na Shirika la Usagishaji la Taifa ndilo lililonunua. Bei ya Mbeya ikawa sawa na ya mahali popote pengine, ijapokuwa safari ya kufika Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilometa 800. Mstari wa miaka hiyo huchorwa kama ngazi, kila msimu kidato kimoja, na mwanafunzi huweza kuudhania kuwa utulivu wa soko. La hasha! Bei za magendo zilipanda na kushuka, ila hazikuingia vitabuni. Mabadiliko yalianza kuonekana serikali ilipolegeza masharti ya biashara ya nafaka katika miaka ya 1980.

Baada ya hapo mfumuko wa bei huficha mengine. Bei iliyopanda kutoka shilingi 100 hadi 200 imeongezeka maradufu; iliyopanda kutoka 1,000 hadi 1,100 imeongezeka kwa asilimia 10 tu. Katika mhimili wa kawaida miinuko hiyo miwili ni sawa kwa urefu. Mhimili wa logi huitofautisha, na programu nyingi huuweka kwa kubonyeza mara moja.

Na juma lisilo na bei lisijazwe sifuri. Sifuri humaanisha kwamba mahindi yaligawiwa bure.