Modemu za Pwani na bili ya seva

Kabla ya 2011 takwimu nyingi za afya nchini Kenya zilitembea kwa karatasi. Mwisho wa mwezi muuguzi wa zahanati alijumlisha madaftari yake, akajaza fomu kama MOH 711, inayobeba uzazi wa mpango, kliniki ya wajawazito na Ukimwi kwa pamoja, kisha akaifikisha wilayani. Huko afisa wa kumbukumbu aliingiza tarakimu kwenye Excel na kutuma faili Nairobi. Ilitosha afisa mmoja aongeze safu ya ziada ili jumla ya nchi nzima ikatae kukaa sawa.

Wizara ya Afya ikachagua DHIS2, programu huria ya takwimu za afya inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, yenye chimbuko lake katika Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipokuwa umeanguka. Leseni yake ni ya BSD, maana yake yeyote anaweza kuitumia, kuibadilisha, hata kuiuza, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mpango wa kwanza ulikuwa kuisakinisha hospitali moja baada ya nyingine, kila mahali pawe na kompyuta na hifadhi yake ya data. Kazi ilianzia Mkoa wa Pwani mapema 2011, na huko ndiko mpango ulikobadilishwa. Nyaya za baharini zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009. Timu ilipojaribu modemu ndogo za kuchomeka kwenye kompyuta, ilikuta mtandao wa simu unatosha kuingiza data moja kwa moja, hata mbali na mji. Basi wizara ikaacha wazo la kusakinisha kila mahali na kuweka seva moja ya taifa. Kufikia Septemba mwaka huohuo nchi nzima ilikuwa imeunganishwa, ya kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivyo kwa seva kuu ya mtandaoni. Naheshimu sana uamuzi ule. Ni maafisa wangapi wangethubutu kuuweka kando mpango uliokwisha kuidhinishwa kwa sababu ya walichokiona wilayani?

Mtandao wa kutosha, hata hivyo, si mtandao wa kudumu. Umeme unakatika, kifurushi kinaisha, na aliyekuwa katikati ya fomu ndefu anapoteza kazi yake yote. Waandaaji wa programu wakaiwezesha kuhifadhi tarakimu ndani ya kivinjari chenyewe: afisa anaendelea kujaza mtandao ukiwa haupo, ukirudi anazipandisha. Uwezo huo, uliosukumwa na shida za Kenya, uliingia katika programu kuu. Nchi nyingine yoyote inayotumia DHIS2, iwe Uganda, Rwanda au Tanzania, iliupata katika toleo jipya bila kuununua. Kwa bidhaa iliyofungwa, wizara ingeandika barua kwa mwenye bidhaa, ingesubiri bei, na jirani naye angelipia kitu kilekile upya.

Kilichokuwa kigumu ni malipo. Seva ya wizarani haikuwa na mtandao wa kuaminika, ikabidi kukodi nyingine nje ya nchi, nayo ikadai bili kila mwezi. Taratibu za ununuzi serikalini zimezoea kompyuta zinazopokelewa stoo na kugongwa muhuri. Kifurushi cha afisa wa kumbukumbu na mshahara wa anayehamisha mfumo kwenda toleo jipya havina fungu linaloeleweka. Pengo hilo limezibwa kwa miaka mingi na wafadhili kama Norad ya Norway, Mfuko wa Dunia na PEPFAR ya Marekani.

Mataifa tajiri nayo yaliwahi kusahau kuwalipa wanaotunza programu huria. Aprili 2014 ulipogunduliwa udhaifu wa Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilijulikana kwamba mradi ule ulikuwa ukipata michango ya dola kama 2,000 tu kwa mwaka. Baada ya mshtuko huo ndipo Google, Microsoft na Facebook zilipochanga kupitia Linux Foundation. Red Hat ilionyesha mapema kwamba biashara inaweza kusimama juu ya msimbo ulio wazi kwa wote: iliuza huduma, uhakika na msaada wa kiufundi, na mwaka 2019 IBM ikainunua kwa dola bilioni 34.

Kwetu biashara ya namna hiyo ipo, ila tunaiita mradi. HISP Uganda, na HISP Tanzania iliyokulia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, taasisi zinazohudumia DHIS2, zina wataalamu wanaopanga mifumo, wanaofundisha wilaya na kuandika programu za nyongeza. Hayo ndiyo mauzo ya kweli ya programu huria, na mteja anayefaa ni serikali yenyewe, kwa mkataba wa miaka kadhaa na fedha zake. Kupitisha malipo hayo kwa mfadhili kunamfanya fundi amtumikie anayelipa, na ripoti ya mfadhili hutangulia ombi la zahanati.

Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, msimbo wa DHIS2 ulibaki palepale, wa kupakuliwa na yeyote. Kilichoyumba ni ajira za watu wanaojua kwa nini kiashiria fulani kinakokotolewa vile, na nani wilayani hachelewi kupokea simu. Kaunti za Kenya, ambazo sasa ndizo zenye jukumu la zahanati, zinapaswa kupitisha bajeti kabla ya mwezi Juni kwisha. Napenda wawakilishi wa wadi, wakifika fungu la afya, waulize mshahara wa fundi wa mfumo umeandikwa ukurasa gani, na wasipouona wayarudishe makadirio kwa waziri wa afya wa kaunti.