Kutoka Chamazi hadi Kazini: Teknolojia Saidizi na Ajira ya Watu Wenye Ulemavu

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Kwa kuwa Sensa ya mwaka 2022 ilibaini kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani, suala hili linazigusa familia nyingi, zikiwemo za Kinondoni na Temeke jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, kiwango hicho cha kisheria huhesabu walioajiriwa tu, ilhali mtu hustawi kazini pale tu anapokuwa na kifaa kinachomfaa, njia ya kumfikisha na msaada wa kumwezesha kuimudu kazi yenyewe.

Teknolojia saidizi ni vifaa, programu na huduma zinazomwezesha mtu mwenye ulemavu kutenda shughuli zake kwa kujitegemea. Kundi hili lina vifaa vya zamani kama fimbo nyeupe na nukta nundu, yaani maandishi ya vitone vilivyoinuka ambayo msomaji huyapapasa kwa ncha za vidole, pamoja na viungo bandia vinavyotolewa katika hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani. Zipo pia programu zinazosoma kwa sauti kile kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta au simu, kama NVDA, inayopatikana bila malipo, na TalkBack, iliyomo katika simu nyingi za Android. Kwa programu hizo, karani asiyeona huweza kuandaa barua na kukagua hesabu, na mfanyabiashara huweza kutuma fedha kwa simu bila kumtajia mtu mwingine namba yake ya siri.

Kifaa, hata hivyo, hakina budi kulingana na mahali kinapotumika. Katika mitaa yenye mchanga ya Bunju au Chamazi, magurudumu madogo ya mbele ya kiti mwendo cha hospitali huzama, ilhali baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono hupita kwa urahisi zaidi, na ikiharibika huweza kutengenezwa na fundi baiskeli wa mtaani. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, yameonyesha manufaa ya kituo ambacho sakafu yake iko usawa mmoja na sakafu ya basi. Lakini anayeishi mbali na njia za mabasi hayo bado hutegemea daladala yenye ngazi, na huweza kuikosa kazi anayoiweza kwa sababu tu ya safari.

Ajira saidizi ni utaratibu ambao mtu huajiriwa kwanza katika kazi halisi yenye ujira halali, kisha hufundishwa hapohapo na mwelekezi, ambaye hupunguza msaada wake kadiri mfanyakazi anavyozoea. Katika kiwanda, taa inayowaka huweza kumpa kiziwi onyo ambalo wengine hulipata kwa king'ora, na wenzake wakajifunza Lugha ya Alama ya Tanzania. Mwenye ulemavu wa akili naye huweza kuwekewa hatua za kazi kwa picha. Chuo cha ufundi stadi na marekebisho cha Yombo, wilayani Temeke, huandaa mafundi wenye ulemavu, nao wanaochagua kujiajiri wanaweza kuomba mikopo ya halmashauri, ambamo asilimia 2 ya mapato ya ndani imetengwa kwa ajili yao.

Kwa hiyo, mwajiri anayetaka kuitekeleza sheria kwa dhati anapaswa kumuuliza mwombaji, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, anatumia kifaa gani, anafikaje na nini kibadilishwe, kwa sababu mwombaji ndiye anayeyajua mahitaji yake kuliko mtu mwingine yeyote. Serikali nayo inapokagua utekelezaji, isiishie kuhesabu majina yaliyomo kwenye orodha, bali ichunguze pia ni wangapi wamebaki kazini, wamepandishwa vyeo na wanalipwa sawa na wenzao.