Wastani wenye Uzani: Hesabu ya Alama na Mpango wa Lengo kwa Mwanafunzi wa Mangobo

1. Utangulizi

Matokeo ya mitihani yanapobandikwa ukutani, mabishano ya aina moja huzuka takriban kila mwaka. Mwanafunzi amekwisha kujumlisha alama zake nyumbani, akazigawa kwa idadi ya kozi na kupata 12 kati ya 20. Orodha ya jopo la watahini inaonyesha 10.25. Wenzake humshauri akate rufani, na wazazi hushuku kwamba mtoto wao ameonewa. Mara nyingine shaka hiyo huwa ya kweli, kwani anayejumlisha alama za darasa zima kwa mkono anaweza kukosea. Lakini mara nyingi hakuna aliyekosea: jopo limehesabu kitu kimoja na mwanafunzi amehesabu kingine.

Makala hii inakusudia kueleza tofauti ya hesabu hizo mbili, kisha kuonyesha jinsi hesabu ya pili inavyoweza kutumiwa kabla ya mtihani ili kupanga kazi. Mfano unamhusu mwanafunzi akaaye Mangobo, mojawapo ya komini sita za mji wa Kisangani, pamoja na Makiso, Tshopo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Mwanafunzi huyo ni wa kubuni, lakini hali yake inajulikana. Hufika darasani kwa miguu, au kwa pikipiki na baiskeli za abiria ziitwazo toleka. Jioni husaidia kazi za nyumbani au biashara ndogo ya familia, na umeme unapokatika husoma kwa taa. Saa zake za kusoma ni chache. Akirudia mwaka, gharama huwaangukia jamaa wote. Kwa mtu wa namna hiyo, kujua mahali pa kuweka saa zake si jambo dogo.

2. Istilahi

Masomo ya chuo kikuu nchini Kongo hutolewa kwa Kifaransa, hivyo si ajabu kwamba maneno ya Kifaransa hutawala mazungumzo ya wanafunzi kuhusu alama, hata wanapozungumza Kiswahili au Kilingala. Hata hivyo, Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa jambo hili, na maneno hayo yenyewe yana mafunzo.

Neno wastani limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kati. Maana hiyo humfanya msikilizaji afikiri kwamba wastani ni mahali palipo katikati ya alama zote, kila alama ikiwa sawa na nyingine. Neno uzani nalo limetoka katika mzizi uliotupatia mizani. Uzani ni kiasi ambacho kitu huvuta mizani upande wake. Kwa hiyo, wastani wenye uzani ni wastani ambao kila alama huvuta kwa kadiri ya uzito wa kozi yake. Mchuuzi wa mchele hulijua jambo hili bila kulisoma: akinunua magunia manne kwa bei ya chini na gunia moja kwa bei ya juu, hasemi kwamba bei yake ya wastani iko katikati ya bei hizo mbili. Anajua kwamba imevutwa na yale manne.

3. Uzani hutoka wapi?

Katika mfumo wa zamani wa graduati ya miaka mitatu na lisansi ya miaka miwili, uzani wa kozi ulifuata saa zake. Kozi ya saa 60 ilivuta mara mbili ya kozi ya saa 30. Katika mfumo wa lisansi, masta na daktari, unaojulikana kwa herufi LMD, uzani hufuata krediti. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, yaani 30 kwa kila muhula. Kilichobadilika ni jina la jiwe la mizani, wala si hesabu yenyewe.

Kanuni ni fupi. Alama ya kila kozi huzidishwa kwa krediti zake, mazao yote hujumlishwa, na jumla hiyo hugawanywa kwa jumla ya krediti. Tuchukue kozi nne. Mbili zina krediti 6 kila moja, na mwanafunzi amepata 8 na 9. Nyingine mbili zina krediti 2 kila moja, na amepata 16 na 15. Akijumlisha alama tupu hupata 48. Akigawa kwa 4 hupata 12. Lakini kwa uzani hesabu huwa hivi: 48, 54, 32 na 30, jumla 164. Zikigawanywa kwa krediti 16, hupatikana 10.25. Hapo ndipo palipozuka yale mabishano ya ukutani. Alama nzuri zilikuwa katika kozi nyepesi, na alama dhaifu katika kozi nzito.

4. Kupanga kuelekea lengo

Hesabu hiyo hiyo inaweza kugeuzwa. Badala ya kuuliza «nimepata nini?», mwanafunzi huuliza «nahitaji nini?». Hatua ni tatu: kuzidisha wastani unaolengwa kwa krediti zote, kutoa pointi zilizokwisha kupatikana, kisha kugawa baki kwa krediti zilizosalia.

Mwanafunzi wetu ana muhula wa krediti 30. Kozi zifuatazo zimekwisha kusahihishwa:

(a) Isimu ya jumla, krediti 6, alama 10: pointi 60.
(b) Fonetiki, krediti 4, alama 13: pointi 52.
(c) Fasihi simulizi, krediti 4, alama 12: pointi 48.
(d) Kifaransa, krediti 4, alama 14: pointi 56.

Jumla ni pointi 216 kwa krediti 18, yaani wastani wa 12. Zimesalia krediti 12: Sarufi ya Kiswahili (6), Tafsiri (4) na Mbinu za kusoma (2).

Akitaka kumaliza na 10, anahitaji pointi 300. Zimebaki 84, sawa na wastani wa 7 katika kozi zilizosalia. Akitaka 13, anahitaji 390. Zimebaki 174, sawa na 14.5. Akitaka 14, ambayo ni asilimia 70, mahali daraja la distinksio lilipoanzia katika desturi ya zamani, anahitaji 420. Zimebaki 204, sawa na 17. Na akitaka 16? Hata akipata 20 katika kozi zote tatu, atafikisha pointi 456, yaani 15.2. Lengo hilo limekwisha kupita. Yafaa alijue leo kuliko kulijua siku ya matokeo.

Tuseme amechagua 13. Swali linalofuata ni kuzigawa zile pointi 174. Hapa uzani husema tena. Alama moja zaidi katika Sarufi huongeza pointi 6, ambazo huinua wastani wa muhula kwa 0.2. Alama moja katika Mbinu za kusoma huongeza pointi 2 tu. Kupanda kutoka 13 hadi 19 katika kozi hiyo ndogo huleta pointi 12. Kupanda kutoka 12 hadi 14 katika Sarufi huleta pointi 12 vilevile. Anayetumia jioni zake zote kung'arisha kozi nyepesi kwa sababu inampendeza, anachota maji kwa kijiko na ndoo iko kando yake.

5. Kuupima mpango kwa hali halisi

Hata hivyo, uzani peke yake hautoshi. Sharti kuangalia pia nafasi iliyobaki ndani ya kila kozi. Tuchukulie kwamba kila mwalimu amegawa alama zake sehemu mbili: 10 kwa kazi za muhula na 10 kwa mtihani. Mwanafunzi wetu ana 5 katika kazi za Sarufi na 8 katika kazi za Tafsiri. Mpango wa kwanza ulikuwa Sarufi 14, Tafsiri 16 na Mbinu 13, maana 84, 64 na 26 hufanya 174 kamili. Lakini 14 katika Sarufi inadai 9 kati ya 10 katika mtihani, kwa mtu ambaye muhula mzima alikuwa akipata nusu.

Akikadiria kwa uaminifu kwamba atapata 7 katika mtihani huo, Sarufi itakuwa 12, yaani pointi 72. Zitabaki 102 kwa krediti 6, na kila kozi iliyobaki itadai 17. Hapo ana njia mbili: kuongeza saa za Sarufi, au kushusha lengo. Akilenga 12.5, anahitaji pointi 375, zimebaki 159. Sarufi 12, Tafsiri 15 na Mbinu 13.5 zinatimiza: 72, 60 na 27. Katika Tafsiri atahitaji 7 tu katika mtihani. Kushusha lengo kwa nusu alama si kushindwa. Ni kuchagua mpango unaotekelezeka badala ya ndoto itakayomvunja moyo katikati ya mitihani.

6. Mipaka ya wastani

Jambo la kwanza la kukumbukwa ni kwamba wastani huficha. Katika mfano wa sehemu ya 3, mwanafunzi alifikia 10.25, lakini ana kozi mbili chini ya 10, nazo ndizo nzito. Jopo halitazami wastani peke yake. Huhesabu pia kozi zilizopungua, na huangalia kama zinaweza kufidiwa na nyingine. Masharti ya kufidia yamo katika maagizo ya kitaaluma ambayo wizara hutoa kila mwaka, na hapana budi yasomwe kabla ya kupanga. Mpango mzuri basi una masharti mawili: kufikia wastani, na kutoacha kozi nzito chini ya 10.

La pili ni kwamba kanuni za mahali pamoja hazihamishiki ovyo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alama hugeuzwa kwanza kuwa herufi: kuanzia 70 mwanafunzi hupata A yenye pointi 5, awe na 71 au 95. Kisha pointi huzidishwa kwa uzani wa kozi kama ilivyoelezwa hapa. Matokeo yake ni kwamba kule, kuvuka mpaka wa herufi ndiko kunakolipa, na juhudi baada ya mpaka haiongezi kitu katika wastani. Katika mfumo wa 20, kila alama hulipa kadiri ya uzani wake.

7. Hitimisho

Chuo Kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963 kikiitwa Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kikaunganishwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mwaka 1971, na kupata uhuru wake mwaka 1981. Majina na mifumo imebadilika, lakini wanafunzi wangali wakisimama mbele ya orodha wasizoweza kuzihakiki. Dawa yake haihitaji fedha wala mashine. Mwalimu atangaze uzani wa kozi yake na mgawanyo wa alama siku ya kwanza, naye mwanafunzi aandike krediti zake katika karatasi moja, akiijaza kila alama inapotoka. Atakayekuwa na karatasi hiyo atajua saa zake aziweke wapi. Na jopo likikosea, atakata rufani akiwa na hesabu mkononi badala ya manung'uniko.