Kompyuta ya gemu

Kompyuta ya gemu ni kompyuta binafsi ambayo sehemu zake zimechaguliwa ili iweze kuendesha michezo ya video yenye picha nzito. Hununuliwa ikiwa kamili, au mwenyewe huiunganisha kutokana na prosesa, ubao mama, RAM, kadi ya grafiki, diski, pawa saplai na kasha. Nchini Tanzania sehemu hizo hupatikana zaidi Dar es Salaam, hasa Kariakoo. Kwa mnunuzi aliye mbali, kwa mfano katika kata ya Chanzuru wilayani Kilosa, kurudisha kifaa kisichofaa ni gharama nyingine, kwa hiyo ulinganifu wa sehemu huangaliwa kabla ya kulipa.

Mahitaji ya mchezo

Kabla ya mchezo kutolewa, watengenezaji hutangaza mahitaji ya chini na mahitaji yanayopendekezwa. Anayenunua kabla ya tangazo hilo anabahatisha. Mfano mzuri ni Indiana Jones and the Great Circle, uliotolewa tarehe 9 Desemba 2024. Mchezo huo unadai kadi ya grafiki iliyoundwa na uwezo wa kukokotoa njia za miale ya mwanga, kuanzia GeForce RTX 2060 Super yenye kumbukumbu ya GB 8. GTX 1080 Ti ya mwaka 2017 ina GB 11 na ilikuwa kadi ya fahari wakati wake, lakini haina uwezo huo, hivyo haifai. Muuzaji anayesifia wingi wa GB peke yake hajajibu swali.

Diski nayo ina masharti. Starfield ya mwaka 2023 inahitaji RAM ya GB 16 na nafasi ya GB 125 kwenye SSD. Diski ya kuzunguka haikubaliwi. Kupakua GB 125 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban saa 28 bila kukatika, na bei ya bando inastahili kuingizwa katika hesabu ya kompyuta yenyewe.

Kompyuta za ofisini zilizotumika

Wengi huanza na kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini, kwa kuwa ni nafuu. Tatizo liko ndani ya kasha. Pawa saplai yake mara nyingi ni ndogo na haina waya wa ziada wa kadi ya grafiki, na tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu. GTX 1650 ya kawaida hutosheka na hizo. RTX 2060 Super hutumia wati 175. Kasha jembamba hupokea kadi fupi pekee, basi rula ni chombo cha lazima dukani.

Umeme na joto

Kompyuta inayotumia wati 400 kwa saa tatu kila siku humaliza uniti 36 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo katika kundi la TANESCO la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75, hiyo ni karibu nusu. Umeme unaopanda na kushuka huharibu vifaa, hivyo stabilaiza au UPS hununuliwa pamoja na kompyuta, si baada ya kuungua. Vumbi likiziba feni, prosesa hupata joto na kupunguza kasi yenyewe. Brashi laini hutosha kulisafisha, kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye umeme.